Kitufe Yatima

“Nyinyi wachoraji ugonjwa wenu mmoja,” Faiber alisema, huku ameikamata kola ya Jacobo mpaka kifungo kimoja cha shati kikaruka chini ya meza. “Mnapenda urembo. Mtu anakatwa panga huko juu, wewe unawaza kona ya kitufe iwe mviringo. Unakata uzi, unapaka rangi, unaenda kula. Sasa huo urembo wako nikamfungie kaka yangu kidonda?”

Jacobo alijaribu kuubandua mkono ule, ukakataa. Alikuwa amebanwa kwenye friji ndogo ya ofisi, visigino juu, miwani imeangukia begani. Kijana wa mitaa ya wenye nazo kusini mwa jiji la Cali huyo, mtoto wa daktari wa meno, maishani hajawahi kupigwa na kitu zaidi ya mpira. Faiber alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima, lakini ufupi wake ulikuwa ule wa nguzo ya lango. Gari likiigonga, linaumia gari.

Ofisi yenyewe chumba kimoja, ghorofani, juu ya duka la mikate, pale chini ya mlima wa Siloé, mtaa wa makabwela. Walitengeneza programu za simu, na kazi yao ilikuwa hivi. Walikuwa na ubao mmoja mtandaoni, kila mtu anauona kwenye kompyuta yake. Humo Jacobo anachora sura ya programu: vitufe, ramani, majina. Faiber anaandika msimbo, yaani yale maagizo yanayofanya kitufe kikibonyezwa kitu kitokee. Kwenye ofisi nyingine mchoraji anachora, anamtupia mwenzake picha, mwenzake anaanza kujenga upya kwa kukisia, wanagombana mpaka Krismasi. Hapa walikuwa wameerevuka. Kila kipande kwenye ubao kilifungwa uzi: mbele mchoro wa Jacobo, mgongoni msimbo wa Faiber. Jacobo akikiburuta kipande kwenda skrini nyingine, msimbo unafuata kama mkia. Palikuwa na kitufe mama, na watoto wake wametapakaa kwenye skrini zote. Ukimrekebisha mama, watoto wote wanarekebishika. Ila mtoto ukimkata uzi, anabaki yatima. Sura ya mama anayo, lakini habari za nyumbani hazimfikii tena.

Na aliyekatwa uzi alikuwa kitufe chekundu.

Kitufe chekundu walikitaka madereva wa guala. Guala ni lile gari kuukuu lenye turubai mgongoni, linalopanda Siloé kwenye njia ambazo basi linaziogopa, abiria wengine wananing'inia nyuma kama nguo. Siku hizi vijana wa kona walikuwa wamezoea kuyasimamisha kwa panga na bastola. Madereva wa kule wana mila yao. Mmoja akiguswa, wote wanawaacha abiria palepale, wanaziba njia juu, wanaziba chini, na aliyebaki katikati anakiona cha mtema kuni. Kupiga walijua. Shida ilikuwa kuitana. Ndipo wakataka kitufe: dereva akikibonyeza, simu za wenzake wote zinalia na ramani inawaonyesha alipo.

Jana mchana Arcesio alikibonyeza. Arcesio ni kaka yake Faiber, dereva wa guala. Vijana wawili wa pikipiki walimsimamisha kwenye kona ya tangi la maji wakataka gari. Zamani angewapa ufunguo, angetembea kwa miguu, angeshukuru Mungu. Jana hakuwapa. Alikuwa na kitufe, alijua wenzake wako njiani, akaamua kuwachelewesha. Alimpiga wa kwanza kwa mlango, akamvunja pua. Alimkaba wa pili, wakabiringishana kwenye kokoto, abiria wanapiga mayowe. Akapigana na huku anasikilizia honi za wenzake. Honi hazikuja. Lilikuja panga, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vikabaki barabarani.

Hayo ndiyo yaliyomfanya Faiber asubuhi hiyo amkabe mwenzake. Lakini kulikuwa na jambo lingine, ambalo Jacobo hakulijua, wala bosi, wala mtu yeyote chini ya jua. Kitufe cha Arcesio hakikunyamaza. Kililia. Tatizo kililia ofisini, kwenye kile kipaza sauti kidogo kando ya chupa ya kahawa, ambako kengele za majaribio zilikuwa zinalia kutwa mpaka hakuna aliyezisikia tena. Wakati huo Faiber alikuwa peke yake, mdomo umejaa pandebono ya moto, kimkate cha jibini kutoka duka la chini. Kengele ikalia, akadhani Jacobo anachezea simu huko alikoenda kula. Akaizima. Ikalia tena, akatukana kidogo, akaizima tena. Ya tatu hakuizima yeye. Ilikatika yenyewe.

Ukitaka kumjua Faiber Angulo, anzia nyuma ya guala. Baba yao aliuawa kwa chupa kwenye ugomvi wa domino, Faiber akiwa bado anakojoa kitandani. Arcesio akaacha shule akashika usukani, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwachia mtoto, alimning'iniza nyuma ya gari. Huko ndiko Faiber alikokulia, ameshika chuma, vumbi mdomoni, anawapigia kelele abiria wasogee. Huko ndiko alikojifunza ngumi pia, kwa wale waliokuwa wanaruka chini bila kulipa. Baadaye alipelekwa kwenye chumba cha ndondi akafukuzwa, kwa sababu kengele ya kumaliza raundi ilikuwa haimhusu. Sekondari nayo ilimtema baada ya kumtoa mwenzake meno mbele ya mwalimu wa hesabu.

Msimbo aliuokota kwa bahati. Siku moja wanaume aliowakosea walimkimbiza mtaani akajitosa maktaba ya umma, akakuta darasa la bure la kompyuta, akajificha humo. Walinzi walipowafukuza wale wanaume yeye alikuwa ameshasahau kwamba anakimbizwa. Aligundua kitu unachoweza kukipiga kutwa nzima, kikakurudishia, ukakipiga tena, na jioni hakuna anayekwenda jela. Alirudi kesho yake, na kesho yake.

Maritza, mwenye ofisi, alimwajiri akiwa na jicho limevimba. Alimpa kosa la msimbo lililomshinda yeye mwenyewe, Faiber akalipata kwa jicho moja. Maritza alimwambia neno moja tu siku ile: humu ndani ngumi hapana.

Sasa turudi kwenye friji.

Jacobo alipapasa nyuma yake, mkono ukakutana na chupa ya kahawa, ile kubwa ya chuma. Hakufikiri. Aliizungusha kama anayefukuza nyoka, ikampata Faiber juu ya sikio kwa mlio wa sufuria. Faiber aliyumba, kahawa ya moto ikamtiririka shingoni. Akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtisha Jacobo kuliko ngumi. Ngumi ilifuata. Ya kwanza ilitua mbavuni, ya pili mdomoni, na mdomo ukapasuka. Jacobo alianguka na meza, skrini mbili zikaenda naye, kioo kikamwagika sakafuni kama chumvi. Akamng'ata Faiber kifundo cha mguu. Faiber akamshika nywele. Walikuwa wamefikia pale ambapo watu huacha kugombana wakaanza kuuana, na wanajua, na hawawezi kuacha.

Maritza alitoka chooni, akatazama mara moja, hakupiga kelele. Alichomoa mtungi mwekundu wa kuzimia moto ukutani, akavuta pini, akawapulizia wote wawili usoni mpaka chumba kikawa cheupe.

Unga ulipotua walikuwa wamekaa sakafuni, wanakohoa kama wazee, weupe mpaka kope. Damu ya Jacobo ilichora njia nyekundu kwenye kidevu cheupe.

“Basi niulize,” Jacobo alisema. Alitema, jino likacheza lakini halikutoka. “Niulize nani aliniambia nikate uzi.”

Faiber alijipangusa unga machoni.

“Ulinikaba hivihivi. Ukutani pale. Umesahau?”

Hakuwa amesahau. Alikuwa amelizika, na watu huzika vitu kwenye shimo fupi. Wakati ule programu ilikuwa mpya, Jacobo alikuwa anawaonyesha wateja skrini kutoka kwenye ubao, akabonyeza kitufe chekundu ili waone kinavyobadilika rangi. Lakini kitufe kilikuwa na uzi, na upande wa pili wa uzi palikuwa na msimbo uliokwisha kuwa hai. Simu za mlima mzima zikalia. Ramani ikasema: dereva mwenzenu anashambuliwa mbele ya duka la mikate. Guala zikashuka Siloé kama mawe. Wakati huo mbele ya duka alikuwepo mtu mmoja tu aliyesimama na kitu cha chuma mkononi, muuza gesi wa watu, ameshika spana yake ya mitungi. Kabla hajasema habari za asubuhi walikuwa wameshamvunja taya.

Faiber ndiye aliyewachomoa juu ya yule mtu. Kisha akapanda ngazi, akambana Jacobo ukutani, akamwambia akate uzi wa kitufe chekundu palepale, akiunge na kengele ya majaribio, kilie ofisini tu. Jacobo akauliza nani ataurudisha kabla madereva hawajapewa toleo jipya. Faiber akasema mimi. Mimi ndiye mwenye msimbo, mkono wako usiguse. Jacobo, ambaye shingo ilikuwa bado inauma, hakugusa. Alizungusha kona tu zikawa laini. Na toleo jipya lilipotoka, kwenye simu za madereva wote kilikwenda kitufe yatima, chekundu, kizuri, hakijui kwao ni wapi.

Maritza aliwatazama wote wawili. Kabla hajafungua mdomo, ngazi zikaanza kulia.

Aliyeingia kwanza ni don Gildardo, mkuu wa madereva, shingo yake kama gurudumu la akiba. Mkononi ana spana ya gurudumu, ile ndefu. Nyuma yake madereva wawili wenye mapanga, yamechomolewa kabisa, mmoja ana damu iliyokaukia kwenye kiwiko. Damu hiyo haikuwa yake. Don Gildardo alieleza taratibu kwamba mmoja wa wale vijana wa pikipiki wameshampata, na hatatembea kwa muda, na akitembea atakuwa anachechemea. Hilo limeisha. Limebaki la kitufe.

Akawatazama wale weupe sakafuni.

“Mnaoka mikate humu?”

Maritza alijaribu. Alisema ofisi inakubali kosa, ofisi itarekebisha, ofisi inasikitika sana kwa Arcesio.

“Mama, ofisi haina vidole,” don Gildardo alisema. “Arcesio alikuwa navyo. Nitajie mtu.”

Saa ilikuwa imefika. Faiber alilijua hilo tangu jana hospitalini, alipokuwa amesimama miguuni kwa kitanda akitazama kitambaa kilivyofungwa kwenye mkono usio na umbo. Siloé ikipoteza mkono, inadai mkono. Asubuhi yote alikuwa anamtafutia Jacobo hatia kwa ngumi, ili saa hii ikifika awe na wa kumwelekezea kidevu. Na kidevu tu kingetosha. Wangemwamini yeye, mtoto wa nyuma ya guala, kuliko mtoto wa daktari wa meno.

Jacobo alinyanyua mkono kama mwanafunzi.

“Uzi nilikata mimi,” alisema.

Madereva wawili wakamwinua kwa kwapa, wakamlaza kifua kwenye meza iliyobaki imesimama. Mmoja akauvuta mkono wake wa kulia, mkono wa kuchorea, akaunyoosha kando ya kibodi. Mwingine akalipitisha panga kwenye suruali kufuta vumbi. Jacobo akafumba macho, akaanza kupumua kwa kasi kama mbwa. Maritza akamrukia yule mwenye panga mgongoni, akakung'utwa kama koti, akagonga kabati.

“Mkono siyo huo,” Faiber alisema.

Don Gildardo aligeuka.

Faiber aliinuka. Akayasema yote, kwa sauti ya mtu anayesoma anwani. Kwamba Jacobo alikata kwa sababu alikabwa. Kwamba wa kuurudisha uzi alikuwa yeye, aliapa, hakurudisha. Halafu akafika pale ambapo hakuna aliyemlazimisha kufika.

“Na jana kililia hapa, don Gildardo. Pale kwenye kahawa. Nilikisikia nikakizima. Kikalia tena, nikakizima tena. Nilikuwa nakula mkate.”

Don Gildardo alikitazama kile kipaza sauti kidogo.

“Arcesio anajua?” don Gildardo aliuliza.

“Atajua leo. Nitamwambia mimi.”

Don Gildardo aliashiria Jacobo aachiwe. Faiber akaenda mwenyewe mezani, akaweka mkono wa kulia pale ambapo wa Jacobo ulikuwa umeacha jasho. Mwenye panga akasogea. Don Gildardo akamrudisha kwa kifua.

“Panga ni la mgeni,” alisema. “Huyu nimempandisha mlima akiwa na makamasi. Wa nyumbani anapigwa kwa butu.”

Spana ilishuka mara moja. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama karanga inabanjwa. Faiber alianguka magotini, paji la uso likagonga ukingo wa meza, na kwa muda akabaki pale, anatazama vioo sakafuni, anavihesabu ili asitapike. Vidole viwili vilikuwa vimegeukia upande usio wao.

Don Gildardo akavuta kiti, akapangusa unga, akaketi.

“Sasa kiungeni. Nikiwa naona.”

Mkono wa Faiber haukuweza kushika hata kikombe. Ikabidi aseme tu, afanye Jacobo. Jacobo aliifuta kompyuta iliyopona, akafungua ubao, damu inamdondokea kwenye kibodi. Faiber akasimama nyuma yake, ameubeba mkono wake kama ndege aliyekufa, akawa anaelekeza. Mtafute mama. Siyo huyo, huyo ni wa majaribio, yule wa juu. Mburute. Mweke juu ya yatima, amfunike. Sasa angalia mgongoni, msimbo umekuja? Jacobo akasema umekuja. Faiber akasema usome. Jacobo, ambaye siku zote alisema msimbo ni mchwa waliomwagikiwa wino, akausoma mstari kwa mstari kwa mdomo uliopasuka. Mahali pamoja akasimama, akauliza mbona hapa bado panataja kengele ya ofisini. Faiber akainama. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameuacha mwenyewe, kwenye kitufe mama. Wangekiunga hivyo, kingeendelea kulia kwenye kahawa. Akamwambia afute. Jacobo akafuta, kisha toleo jipya likatumwa kwenye simu za madereva.

“Bonyeza,” don Gildardo alisema.

Jacobo akamtazama Faiber. Wote wawili walikumbuka muuza gesi.

“Dirishani kwanza, don Gildardo,” Faiber alisema. “Wakija wakukute.”

Jacobo akabonyeza. Simu kiunoni mwa don Gildardo ikapiga yowe. Za madereva wawili zikafuata. Ya mtu mmoja chini ya ngazi. Halafu juu, mbali, mlima ukaanza kupiga honi, moja, nyingine, mpaka zikashikana zikawa sauti moja inayoteremka. Guala ya kwanza ilikunja kona kwa magurudumu mawili, watu wamening'inia nyuma na mapanga. Ng'ambo ya barabara muuza gesi, taya bado imefungwa nyaya, aliinua macho akaona kinachokuja. Alidondosha mtungi, mtungi ukabingirika upande wake na yeye akakimbia upande wake.

Don Gildardo alijitupa dirishani nusu mwili, akapiga mluzi wa vidole, akawaambia ni jaribio, mwacheni yule bwana, mshushe vyuma. Mtu mmoja huko chini alilalamika kwamba ameacha abiria katikati ya mlima. Don Gildardo akamtukana mama yake vizuri tu, kwa upendo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umelegea kidogo.

Maritza, paji lina uvimbe, alimfunga Faiber vidole kwa rula na utepe wa kufungia nyaya. Akamwambia kuhusu ngumi za leo wataongea akirudi. Hakusema kama ni kurudi kazini au kurudi kuchukua vitu vyake, na Faiber hakuuliza. Jacobo akasema kuna gari la baba yake, ampeleke hospitali.

Faiber aliuliza guala ya Arcesio iko wapi. Dereva mwenye damu ya kiwiko akasema iko palepale kwenye kona ya tangi, hakuna aliyeigusa. Kiti alichojikokota kukikalia kiko vile kilivyokuwa, na damu yake. Na mke wa Arcesio amesema anapita huko kuchukua koti lake.

Faiber akaenda kwenye sinki, akavuta ndoo kwa mkono wa kushoto, akatia humo brashi na sabuni ya unga. Mlangoni akasimama.

“Kona ziache mviringo,” alimwambia Jacobo. “Zinapendeza.”

Akashuka na ndoo inagonga ngazi, akaning'inia nyuma ya guala ya don Gildardo kwa mkono mmoja mzima, na ndoo kwenye kiwiko, akampigia dereva kelele aondoe gari kabla shemeji hajafika.